Mifupa ya Kuumeni

Mkono wangu wa kushoto ulivunjika katika chuo cha Kurani, asubuhi, katikati ya masomo. Nilikuwa na miaka saba au minane. Tulikuwa tumekaa mkekani tangu jua changa, kila mtoto na juzuu yake, na miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Zamu yangu ilipofika nikashindwa kuinuka. Mwalimu akanicheka kidogo, akainama, akanishika juu ya kifundo cha mkono, akanivuta nisimame. Hakunivuta kwa nguvu. Hivyo ndivyo unavyomvuta mtoto anayetoka kwenye maji. Nikasikia kitu kikialika kama kijiti ndani ya nyama, kisha maumivu yakaja, na mkono ukapinda mahali ambapo mkono hauna kiungo.

Mwalimu naye alisikia. Aliniachia, akabaki ameinama vile vile, mdomo wazi. Kisha akamwita mkewe, mkewe akaja na kanga, wakaufunga mkono kifuani pangu, na mwalimu akanibeba mwenyewe hadi nyumbani kwetu, barabara ya pili kutoka kwake, katika mtaa ule ule wa Mabawa. Njia nzima alisoma dua kwa sauti ya chini. Alikuwa mtu wa sauti ya chini katika kila jambo, na chuo chake kilijulikana kwa hilo: watoto walipiga kelele, mwalimu alinong'ona. Fimbo alikuwa nayo, nyembamba, ya kuonyeshea herufi ubaoni.

"Nimemshika mkono kumwinua," alimwambia mama. "Nimemshika tu. Sijui kilichotokea."

Mama alimsikiliza huku akinipokea. Alikuwa mwanamke wa Tongoni, mzito wa kusema, mwepesi wa kutenda. Akanilaza, akatuma mtu kwa mganga wa kuunga mifupa, akatuma mwingine kwa baba.

Baba alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Pemba, aliyevuka kuja Tanga akiwa kijana. Alishona barazani pa duka moja kule Ngamiani. Wakati huo, naye hajafika hata miaka arobaini, alikuwa hasikii vizuri. Watu walisema ni cherehani. Mtu akishinda na mlio ule kutwa nzima, masikio yatamfaa nini? Ukimweleza habari ndefu alidaka maneno mawili matatu, mengine akayajaza mwenyewe. Siku ile alidaka "mwalimu", akadaka "kamvuta", akadaka "umevunjika". Yaliyobaki aliyajaza.

"Kampiga," alisema.

"Hakunipiga, Baba," nilimwambia kutoka kitandani.

Mama akamrudishia maneno yangu, mdomo karibu na sikio lake. Baba akatikisa kichwa. "Mtoto hawezi kumsema mwalimu wake. Anamwogopa."

Nilirudia tena, na mama akarudia tena. Kadiri nilivyomtetea mwalimu ndivyo baba alivyozidi kuamini kwamba nimetishwa.

Haikuwa mara yangu ya kwanza kuvunjika. Nikiwa mchanga mtulinga wangu, mfupa wa chini ya shingo, ulivunjika wakati naogeshwa, wanawake wakasema ni kijicho, wakanifunga hirizi. Baadaye nilivunjika mguu chini ya goti kwa kuruka kutoka kwenye ukingo wa kisima, wakasema ni utundu. Kila mvunjiko ulikuwa na sababu yake na kila sababu ilitosha, kwa hiyo hakuna aliyezikusanya pamoja akaziangalia. Safari hii sababu ilikuwa mtu.

Na macho yetu pia yalikuwa na habari yake, ila hatukuisoma. Mimi na baba, mahali ambapo watu wengine wana weupe wa jicho, sisi tulikuwa na ubuluu wa mbali, kama wa kanzu iliyosuuzwa kwa buluu ya kufulia. Wanawake kwenye harusi walinishika kidevu wakanigeuza kwenye mwanga, wakamwambia mama, "Huyu kachukua macho ya kuumeni." Mama alitabasamu. Tulihesabu kwamba ni uzuri.

Siku chache baada ya mkono kuvunjika, baba alisimama msikitini baada ya sala ya alasiri, akasema mbele ya watu kwamba mwalimu amemvunja mtoto wake mkono kwa kipigo. Alilisema kwa sauti kubwa, kwa kuwa asiyesikia hajui kupima sauti yake. Mwalimu mwenyewe alikuwepo. Waliokuwa safu ya mbele walisimulia baadaye kwamba alijibu, tena alijibu mara mbili, lakini kwa sauti ile yake. Waliokuwa nyuma hawakusikia kitu. Wakachukulia kwamba amenyamaza, na wanaonyamaza mbele ya tuhuma kubwa watu huwa wameshawahukumu.

Hapakuwa na ugomvi. Hakuna aliyempigia kelele njiani wala kumrushia mawe. Mzazi mmoja alimhamishia mwanawe chuo kingine, mwingine akasema mtoto ana homa, mwingine hakusema kitu. Kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama baraza ya chuo ilikuwa imebaki na mikeka mitupu. Mwalimu na mkewe wakapakia vitu vyao kwenye mkokoteni, wakaenda kutafuta gari la Kigombe, ambako ndiko kwao.

Mkewe alipita kumuaga mama. Nilikuwa nimelala chumba cha mbele na mkono wangu ukiwa kwenye magango ya fito, nikasikia kila neno.

"Mwenzangu, wewe unajua," alisema.

"Najua," mama akajibu. "Mtoto ameniambia, nami namwamini. Nimemwambia baba yake, hataki kuamini."

"Basi hilo linanitosha."

Halikumtosha, wala mama halikumtosha. Baada ya hapo, chakula cha baba kilipoiva, mama alikiweka mezani na kwenda zake jikoni, na baba alikula peke yake akishangaa kuna nini.

Mganga aliyeuunga mkono ule alikuwa mzee wa Kibondei kutoka upande wa Muheza. Alikuwa na vidole vya taratibu kuliko vya mama. Alipokuja kufungua magango aliukunja mkono na kuukunjua, akaridhika, kisha akamwambia mama jambo ambalo nalikumbuka kwa sababu lilinitisha.

"Mfupa wa mtoto huyu waungana upesi. Sijaona unaoungana upesi hivi. Lakini ni mwepesi. Naushika kwa vidole viwili tu, sithubutu vitatu. Kazi yangu mimi ni kuunga, mama. Hili la kwa nini unavunjika silijui, na sitaki kukudanganya."

Mwaka uliofuata, msimu wa mvua za vuli, nilitoka chumbani nikielekea uani. Nilivuka kizingiti kama nilivyokivuka siku zote. Mguu wa kulia ulitua chini na paja likakatika. Sikuanguka kwanza ndipo likavunjika. Lilivunjika kwanza ndipo nikaanguka. Mama alikuwa anachambua mchele hatua chache kutoka hapo, akaona yote kwa macho yake. Hapakuwa na mtu aliyenigusa.

Mzee wa Kibondei alipoletwa hakufungua hata mfuko wake. "Paja si mkono," alisema. "Nyama za paja zina nguvu, zitauvuta mfupa upandane na mguu uwe mfupi. Mpelekeni hospitali wakauvute kwa uzito." Baba alisita, mama hakusita. Nikafungwa kitandani kwa kamba, na wanaume wanne wa mtaani wakanibeba pamoja na kitanda changu hadi kwenye gari.

Hospitali walinilaza chali, mguu juu, na kamba ikipita kwenye kapi hadi kwenye vyuma vya uzito vilivyoning'inia mwisho wa kitanda. Nilikaa hivyo wiki nyingi. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo msichana wa rika langu kutoka nyumba kubwa ya mjini, nyumba ambayo watoto wa kike hawakutolewa nje hata uani. Miguu yake ilikuwa na matege makubwa, magoti yameachana kama upinde. Kila asubuhi nesi alimnywesha mafuta ya samaki kwa kijiko, kisha wakambeba hadi barazani wakamweka juani, miguu wazi. Nilimcheka namna anavyokunja uso akinywa yale mafuta. Lakini wiki zilivyopita nikaona kwamba halii tena usiku akigeuzwa, na kwamba daktari akimpima magoti anatabasamu. Nikaomba na mimi nipewe mafuta. Wakanipa. Yalikuwa na harufu ya mtumbwi uliooza, na hayakunisaidia kitu.

Daktari alikuwa Mgoa, mwenye asili ya Goa huko Uhindini, mtu mzima, mwenye miwani na Kiswahili cha mjini kisicho na kosa. Siku ya kwanza aliniuliza maswali machache tu. Picha za eksirei zilipotoka alikuja na mama akiwepo, akainua ile ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha. Nilitarajia kuona mifupa myeupe kama ya mbuzi bandani kwa mchinjaji. Niliona kitu hafifu, kama karatasi ya kufungia bizari iliyolowa mafuta.

"Hapa alivunjika zamani," alisema, akionyesha kwa kalamu. "Na hapa. Mbavu hizi mbili zilivunjika zikaunga zenyewe. Mlijua?"

Mama akasema hakujua habari ya mbavu.

Daktari akashusha picha. "Mama, nani anampiga mtoto huyu?"

"Hakuna."

"Mtoto havunjiki mbavu kwa kulala."

"Hakuna anayempiga," mama alisema.

"Baba yake?"

"Baba yake hajapata kumnyanyulia mkono."

Daktari alimtazama kwa muda, si kwa ukali, bali kwa namna ya mtu aliyekwisha kuambiwa maneno hayo hayo na akina mama wengi. Akasema anataka kumwona baba. Alipoondoka mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda akanishika kidole gumba cha mguu, ndicho kilichokuwa salama kushikwa. Miaka mingi baadaye aliniambia alichokiwaza pale. "Nilimfikiria mwalimu. Una neno la kweli kinywani na unaona kabisa kwamba mwenzako ameshaamua. Nilitaka kulia, nikaona nikilia atasema ndiyo hiyo dalili."

Baba alikuja siku ya pili, saa ya kuona wagonjwa, pamoja na bibi mzaa baba. Bibi alikuwa amevuka kutoka Pemba aliposikia nimelazwa. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye mdomo, na alikuwa akiniita mke mwenzake, utani wa bibi kwa mjukuu wa kike. "Mke mwenzangu," aliniambia alipouona ule mguu ulivyotundikwa, "wamekuanika kama samaki ng'onda." Nikacheka mpaka nesi akaja kutazama.

Daktari alipofika alitaka kuzungumza na baba pembeni. Alianza kwa sauti ya chini, kwa heshima, ili watu wa vitanda vingine wasisikie.

"Sema kwa nguvu, Daktari," baba alisema. "Sisikii."

Daktari akasogea. Baba akageuza uso kuelekea dirishani kama alivyozoea, ili auone vizuri mdomo wa msemaji. Daktari akafungua kinywa, na hakusema kitu. Alikuwa anamtazama machoni. Akanyoosha kidole gumba, akamvuta baba kope ya chini, kama wanavyofanya wakitafuta upungufu wa damu, akaangalia. Kisha akaja kwangu, akanifanya vivyo hivyo. Akarudi kwa baba.

"Hili la kutosikia lilianza lini?" aliuliza, sasa kwa sauti ya wodi nzima.

"Tangu ujana. Ni cherehani."

"Umepata kuvunjika mfupa?"

"Utotoni. Watoto wa mashamba ya karafuu wote huvunjika."

Hapo bibi akaingilia, kwa kuwa hakupenda habari isimuliwe nusu. "Huyu alivunjika mpaka tukachoka kumfunga. Na baba yake hali kadhalika. Marehemu alivunjika akipanda mkarafuu, akavunjika akishuka. Mwisho alivunjika amekaa mlangoni anavaa makubazi. Tukasema ni uzee."

"Marehemu alikuwa akisikia?"

"Tulimsemesha kwa mikono."

"Na macho yake, Bibi? Yalikuwaje?"

Bibi akatutazama mimi na baba. "Kama ya hawa," alisema. "Ndiyo niliyompendea."

Daktari akavuta kiti akakaa, jambo ambalo madaktari wa siku zile hawakulifanya. Kwanza alimgeukia mama, akamwambia, "Mama, nisamehe kwa swali la jana." Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akatueleza.

Alisema huu ni ugonjwa wa kurithi. Mtu huzaliwa nao, huupata kutoka kwa mzazi mmoja, na kila mtoto wa mwenye ugonjwa ana nafasi sawa ya kuupata na ya kuukosa. Anaweza kuzaa mmoja mzima na mmoja mwenye nao, na hakuna ajuaye atakayekuja ni yupi. Alisema ule ubuluu si rangi ya ziada. Ngozi nyeupe ya jicho kwetu sisi ni nyembamba, na weusi ulio ndani yake huonekana kwa nje. Na masikio nayo yana vijifupa vidogo ndani, ndivyo vinavyopokea sauti, navyo huharibika kwa ugonjwa huo huo. Cherehani haikuwa na kosa.

Baba alifuata kila neno kwa macho. "Dawa yake?" aliuliza.

Daktari akamwonyesha yule msichana wa matege. "Mifupa ya huyu ilikuwa na njaa. Ilikosa jua na ilikosa mafuta. Tunailisha, inashiba, atatembea vizuri. Ya mwanao haina njaa. Wewe ni fundi, utanielewa. Kitambaa kinaweza kuwa kizima, lakini ukishona kwa uzi mbovu nguo itaachia mshono. Ndani ya mfupa mna kitu kama uzi, kinachoshikilia chokaa. Kwake uzi ule ndio mbovu. Kuubadilisha hatuwezi. Sijui kama siku moja wataweza."

"Basi ni mimi," baba alisema.

"Hukumpa kwa kupenda."

"Lakini ni mimi."

"Ndiyo," daktari alisema. "Umetoka kwako, na kwako ulitoka kwa baba yako."

Baba alivua kofia yake akaiweka gotini, akawa anaifuata mishono yake kwa ukucha. Alipouliza tena hakuuliza kwa sauti yake ya kawaida. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema chini.

"Daktari, kuna mtu alimshika mtoto huyu mkono. Kumwinua tu. Mkono ukavunjika. Jambo hilo laweza kuwa?"

"Mtoto huyu anaweza kuvunjika akigeuka kitandani."

Mama aligeuza uso, akatazama nje.

Niliruhusiwa mguu ulipokwisha kuunga, nikitembelea magongo mawili. Daktari alitupa maagizo ambayo mama aliyashika kama sala. Nisinyanyuliwe kwa mikono, bali nipakatwe kwa chini, mkono mmoja mgongoni na mmoja nyuma ya mapaja. Nisilazwe kitandani zaidi ya inavyolazimu, kwa kuwa mfupa unaolala unazidi kuwa mwepesi. Nile dagaa, ninywe maziwa, si kwa kuniponya bali ili udhaifu mwingine usiongezeke. Na nipelekwe baharini nitembee ndani ya maji, maji yanifike kiunoni, yabebe uzito wangu huku misuli ikifanya kazi. Mama alizunguka nyumba za jirani akawafundisha wanawake namna ya kunipakata, akimtumia mtoto mwingine kama mfano, na yule mtoto alifurahi sana.

Baba alichelewa kufanya alilojua kwamba lazima alifanye. Alishona. Alishona hata siku za mapumziko. Mama hakumwambia kitu. Bibi ndiye aliyemwambia, wakati anafunga mizigo yake kurudi Pemba: "Ulilisema hadharani, mwanangu. Halifutiki chumbani."

Tukaenda Kigombe watu watatu, baba, mama na mimi. Mwalimu alikuwa amejenga kibanda cha makuti kando ya nyumba yake, na ndani yake walikaa watoto wachache wakisoma. Alipotuona alisimama. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, macho yake kwenye magongo yangu.

"Karibuni ndani," alisema.

Baba hakusikia, au hakutaka ndani. Alisimama pale pale uwanjani akasema kwa sauti yake kubwa, "Nimekuja kwako kwa makosa yangu. Nilisema ulimpiga mwanangu. Hukumpiga. Mifupa yake ni mibovu ya kuzaliwa, ni mifupa yangu mimi na ya baba yangu. Nilikuzulia mbele za watu, na ukahama nyumba yako kwa ajili hiyo. Naomba radhi."

Watoto kibandani waliacha kusoma. Mkono wa mtu ukafungua dirisha katika nyumba ya pili.

Mwalimu alijibu. Mimi nilisikia, mama alisikia. Baba akamgeukia mama. "Anasemaje?"

Mama, ambaye angeweza kumrudishia neno kwa neno kama alivyofanya miaka yote, alitikisa kichwa. "Mwambie mwenyewe, Mwalimu. Msogelee sikioni."

Mwalimu akasogea, akarudia. Baba akaweka kiganja nyuma ya sikio. Mwalimu akarudia kwa nguvu zaidi, na mishipa ya shingo ikamtoka, maana ile sauti haikuwa imezoea kupita pale.

"Nilikuambia," alisema. "Pale msikitini. Nilikuambia mara mbili kwamba sikumpiga."

"Sikukusikia," baba alisema.

"Ulinitazama usoni ukanipa mgongo."

"Sikukusikia, ndugu yangu. Nilidhani umenyamaza."

Mwalimu alimtazama. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba baba alikuwa kiziwi kweli. Kule Mabawa alimjua kwa mbali tu, fundi anayejibu salamu akitaka, na muda wote huo alikuwa amebeba dharau ile kuliko tuhuma yenyewe: kwamba mtu amemweleza ukweli, na mwenzake hakuona hata haja ya kumjibu.

"Nilikukasirikia sana," alisema, na kwa kuwa baba alikuwa bado ameweka kiganja sikioni, ikabidi alitoe kwa sauti iliyofika barabarani. "Nilikuombea mabaya."

"Una haki."

"Nimekusamehe."

"Umesemaje?"

"Nimekusamehe," mwalimu akapaza, na jirani aliyekuwa dirishani akauliza kuna nini huko kwa mwalimu, na mwalimu akageuka, uso umemwiva, akampazia naye kwamba ni kheri, hakuna kitu. Mkewe alitoka jikoni na mikono ya unga. Alimtazama mumewe kana kwamba ni mtu mwingine. Kisha akamshika mama bega, na wote wawili wakaingia ndani.

Tulikula hapo wali na papa. Baba alimwomba arudi Mabawa, akasema atawaendea wazazi mmoja mmoja. Mwalimu akakataa. Alisema amekwisha kupanda mihogo yake, na kwamba mtu anaweza kusamehe mtaa bila kutaka tena kuishi ndani yake. Ijumaa iliyofuata baba alisimama msikitini, mahali pale pale, akayakana maneno yake. Wapo walioamini. Wapo waliosema huo ugonjwa ni maneno ya Mgoa, na kwamba fundi ameona haya tu. Wawili watatu walikwenda Kigombe kumwona mwalimu. Wengi hawakwenda.

Mimi ndiye niliyekwenda zaidi ya wote. Tangu mwaka ule, kila shule ilipofungwa nilipelekwa Kigombe, nikakaa kwa mwalimu na mkewe. Asubuhi nilisoma. Mwalimu alinitengenezea kibao cha kukalia ili miguu isife ganzi, na aliwakataza watoto wengine wasinivute wala wasinisukume, jambo ambalo walilishika kwa ukali hata nikawa nawabembeleza wanichokoze. Maji yakijaa, mkewe alinipeleka pwani nikatembea ndani ya maji, kwenda na kurudi, yeye akiwa kando yangu na kanga zake zimelowa mpaka kifuani. Hakujua kuogelea, na aliogopa bahari. Alikuja kila siku.

Nilivunjika tena, mara kadhaa. Lakini sasa tulijua ni nini, na nyumbani hakuna aliyetafuta wa kumlaumu. Wadogo zangu wawili walizaliwa baadaye; mmoja macho yake meupe pe, akaanguka miembeni na kwenye baiskeli bila kuumia, na mwingine, wa kike, alifungua macho yale ya buluu na mama akamwambia mkunga papo hapo amshike kwa viganja viwili. Nilipovunja ungo, mifupa ikapunguza kuvunjika, kama daktari alivyokuwa amekisia. Magongo nikayaweka. Mguu wa kulia ulibaki mfupi kidogo, na hadi leo viatu vyangu huisha upande mmoja.

Nilihitimu msahafu nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwa mwalimu, Kigombe. Palikuwa na wageni wachache, sinia la halua, na kahawa. Baba alikuja amevaa kanzu mpya aliyoishona mwenyewe. Kwa wakati huo alikuwa hasikii kabisa, hata ukipiga kelele. Nilikaa mbele nikasoma, na nilijua kwamba hawezi kunisikia, nikawa nafungua mdomo sana ili angalau auone. Baadaye kidogo niliinua macho. Mwalimu alikuwa amehama mahali pake, amekaa bega kwa bega na baba, na msahafu umefunguliwa mapajani pa baba. Kidole cha mwalimu kilikuwa kinapita juu ya mistari, neno kwa neno, mahali nilipofika, na macho ya baba yalikuwa yanakifuata.